Begi la Fakihi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Fakihi anaondoka! Kanitamkia huku anamenya muhogo, kama anayesema chumvi imekwisha. Mama yake, Bi Umi wa Songo Songo, amemsamehe ile cherehani aliyoiiba akaiuza apate unga wa kuvuta. Miaka mitatu hakutaka kusikia jina lake. Jumamosi anakuja mwenyewe kumchukua.

Nikasema Mungu mkubwa. Moyoni nikasema thubutu!

Mimi na yeye tuliingia soba hii ya Masoko, nyumba ya kuachia unga, wiki ile ile moja, tunatetemeka, pua zinatiririka. Tulikuwa wanane, tunalala mikekani. Yeye akiimba kaswida, mimi nyimbo za kwaya, hadi jirani akatuma mtu kuuliza harusi ni ya nani. Raha ilioje! Tulipopata nafuu yeye akabaki mpishi, mimi mlezi wa zamu. Wengine wote wameshakwenda makwao. Sasa nitakumbushana na nani?

Jumanne, 2 Septemba
Nimemweleza Dada Antonia, msimamizi wetu, kwamba Fakihi akiondoka watu ishirini watalala njaa. Kanisifu kwa moyo wa huruma. Kuanzia Jumapili mpishi ni mimi. Mimi!

Alhamisi, 4 Septemba
Jana nilimtisha Fakihi. Nikamwambia wale wenzake wa kuvuta unga maskani bado wapo kisiwani, wanamsubiri. Akaweka kisu chini, muhogo nusu umemenywa. Nikajua nimemweza.

Leo kwenye kikao cha asubuhi kasimama, kasema anaogopa kurudi nyumbani, na anamshukuru ndugu yake Nikodemu kwa kumkumbusha ajihadhari. Wote wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 5 Septemba
Wazo! Koo zetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikamata kitu chako huna ruhusa ya kununa, na hukipati mpaka ukikomboe. Nimekamata begi lake, nimelikalia. Nataka jogoo mweupe asiye na doa hata moja. Atampata wapi kabla ya boti? Fakihi kacheka hadi machozi. Maskini, anadhani natania.

Jumamosi, 6 Septemba
Bi Umi kafika. Kafupi, baibui limelowa maji ya chumvi. Nikampa shikamoo nikiwa juu ya begi. Akaitikia marahaba. Kafungua kikapu, kanipa pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Jamani, pweza yule! Nimefika nusu ya bakuli, watu wakalipuka kwa vigelegele: begi limekombolewa! Nilisahau kabisa. Mtani akishapokea akala, hana neno tena, hata kama alidai tembo. Bibi yangu angenizaba kofi.

Nikasimama. Begi likaenda.

Bi Umi akamshika Fakihi mkono kama anamvusha barabara, jitu la miaka thelathini na nne. Wakalia wote wawili. Na mimi nikalia, sifichi. Kisha akanigeukia, akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema Kipatimu. Akauliza nimemwona lini mara ya mwisho. Nikamwambia wawahi boti.

Jumatatu, 8 Septemba
Jana nimeunguza wali, leo maharage. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo linaloniuma. Fakihi angenisema wiki nzima. Jikoni kimya. Nimejaribu peke yangu ile kaswida yake, nikakwama kwenye ubeti wa pili.

Kumbe Bi Umi alimnong'oneza Dada Antonia! Nimepewa likizo ya wiki nzima, kesho alfajiri nipande gari niende Kipatimu. Mama ameshapigiwa simu. Eti tangu asubuhi ameanika godoro langu juani. Miaka mitano hajaniona! Nitamtazama kwa macho gani?

Lakini Nikodemu hakosi mpango. Tangu saa nane mchana nachechemea. Dada Antonia kauliza mguu upi, nikamwonyesha wa kushoto. Nimeufunga bandeji hadi gotini, umependeza ajabu. Safari lazima iahirishwe. Mama hana neno, amezoea kusubiri.