Mkono Wangu wa Kushoto Usiachishwe Kazi

Abner Anyona,
Dereva wa Chama,
Manga, Nyamira.
Jumapili.

Kwa Bi Ruqiya Gulled,
Mwenyekiti, Chama cha Wasafirishaji wa Mazao,
Soko la Nyakoe.

Bi Mwenyekiti,

KUH: PINGAMIZI DHIDI YA TUKTUK ISIYO NA KLACHI

Nakusalimu kwa heshima zote nikitumaini duka linaendelea vizuri na wajukuu hawajambo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi, ambaye nimeudhika.

Nimepata habari kwamba kesho, kwenye mkutano wetu wa Jumatatu, chama kitapiga kura kuchagua tuktuk mpya ya mizigo. (Wanachama wapya wakiuliza kwa nini tunakutana Jumatatu, waelezwe kwamba Ijumaa ni yako, Jumamosi ni yangu na Jumapili ni ya mweka hazina wetu, Fred Ombok.) Aina zinazopendekezwa ni mbili. Ya kwanza ni ya klachi, kama ile yetu ya zamani: kila ukitaka kubadilisha gia, mkono wa kushoto unabana klachi, mguu unaingiza gia, mkono unaachilia polepole, na chombo kinaondoka kwa adabu. Ya pili wanaiita nusu otomatiki. Hiyo haina klachi hata kidogo. Unakanyaga gia kwa mguu, basi, imeenda. Duka moja la mjini limetuazima moja wiki nzima tuijaribu, na naona wajumbe wameshaanza kuipangusa vumbi kwa leso zao wenyewe.

Bi Mwenyekiti, nimeendesha klachi miaka kumi na tisa. Nusu ya madereva wa steji ya Nyakoe nimewafunza mimi. Kwa hivyo naomba malalamiko yangu yasomwe yote, polepole, na Fred asitazame saa.

1. Kuhusu mkono wa kushoto. Katika tuktuk ya klachi mkono huu una kazi ya kudumu. Katika hii nyingine utakaa bure. Mkono uliokaa bure utaingia mfukoni, utatoa simu, utaanza na picha za harusi za watu, utaingia kwenye kamari, na mwisho wake utauza shamba la mama. Kwa hivyo chama kikichagua klachi kitakuwa kimeyalinda mashamba ya akina mama wote wa Manga. Najua kuna wanaonong'ona kwamba vidole vyangu viwili vya kushoto siku hizi havikunjiki. Hiyo ni baridi ya asubuhi. Kufikia saa nne huwa vimekunjika, hasa nikivisaidia kwa ule mkono mwingine.

2. Kuhusu kuruka. Gia ya nusu otomatiki inaruka. Mimi sijaipanda wala sitaipanda, lakini nimearifiwa na watu wanaojua kwamba ikipanda mlima, aliyeketi nyuma hawezi kushika kikombe cha chai, wala kuandika jina lake kwenye karatasi. Chama chenye heshima hakiwezi kuwarusha wanachama wake namna hiyo.

3. Kuhusu wepesi. Binti yangu Kemuma, ambaye ni mwandishi wa chama, alijifunza kuiendesha asubuhi moja, kati ya kukamua ng'ombe na chai. Mimi klachi nilifunzwa na Mzee Nyasani wa Kenyenya, Mungu amrehemu, na aliniweka miezi minane kabla ya kuniruhusu kubeba hata kuku. Jambo likiwa rahisi hivyo, kila mtu ataliendesha. Ataendesha mchungaji, itaendesha kwaya, na mwisho ataendesha mama mkwe wangu. Hapo, Bi Mwenyekiti, ndipo naomba utulie unisikilize. Wewe umeishi nasi miaka mingi na unajua desturi yetu: mimi na mama mkwe hatukaribiani. Nikimwona anakuja kwa njia, mimi huingia kwenye majani chai ya watu mpaka apite. Sasa tukikutana kwenye ile kona nyembamba, yeye anashuka na tuktuk, mimi napanda na tuktuk, ni nani atakayerudi nyuma? Siwezi kumwashia taa. Siwezi kumpigia honi. Itabidi niiache tuktuk barabarani na mzigo wote, nikimbilie kwenye majani chai, na barabara ya Manga itafungwa mpaka mmoja wetu afe.

4. Kuhusu mpaka. Tuktuk ya klachi ikiwa na mzigo huzimika palepale kwenye kona, kila siku, na mimi huiwasha tena. Watu wanaona huo ni udhaifu. Hawajui kwamba pale inapozimika ndipo Kisii inapoishia na Nyamira inapoanza. Abiria wakisikia kimya wanajua wamevuka, wanavaa makoti. Nusu otomatiki haizimiki. Watu wa Kisii watajikuta Nyamira bila taarifa. Watoto watazaliwa wasijue ni wa kaunti gani. Baada ya muda mtu atauliza kwa nini tuna magavana wawili kwenye barabara moja, kaunti zitaunganishwa, na katiba itabidi irekebishwe. Haya yote kwa sababu ya klachi moja.

5. Kuhusu Mzee Machogu na jiwe lake. Kama ujuavyo, kila tuktuk ya klachi inayopanda Manga ina mtu wa jiwe. Chombo kikizimika, yeye huruka chini na kusukuma jiwe nyuma ya gurudumu lisirudi. Machogu amefanya kazi hiyo na mimi miaka kumi na moja kwa jiwe moja, na jiwe hilo linatambulika kutoka hapa mpaka Nyakoe. Tukichukua hii nyingine, Machogu atajitambulisha vipi kwa watu? Na jiwe litapelekwa wapi?

Kuna watakaotaja lile tukio la kabichi mwezi uliopita. Nalitaja mwenyewe ili wasijisumbue. Ni kweli tuktuk ilirudi nyuma kwenye kona, kabichi za shule zikamwagika, na zaidi ya nusu zikabingirika kurudi Kisii zilikotoka. Ni kweli Machogu aliruka shambani kwa watu. Lakini nimeshasema, na ripoti ikaandikwa, kwamba kosa lilikuwa la kebo ya klachi. Tangu siku hiyo sijapewa ufunguo. Nimekaa nyumbani wiki tano kwa sababu ya kebo.

6. Kuhusu binti yangu. Hili naliandika bila mzaha. Nimesikia kwamba aliyewaandikia watu wa duka kuomba tuletewe isiyo na klachi si Fred wala si wewe. Ni Kemuma. Alikwenda kwako kwa siri, mkazungumza, na mimi nikaja kuambiwa na watu wa steji. Mtoto huyu nimemsomesha kwa klachi hiyohiyo. Sasa amejifunza kuendesha, amepata leseni, na anataka kiti changu nikiwa bado hai. Imeniuma, Bi Mwenyekiti. Nyumbani sijasema kitu, nakula na kunyamaza, lakini imeniuma sana.

Kwa sababu hizo zote naomba chama kikatae nusu otomatiki. Na kama wajumbe watakaza shingo, basi naomba fundi aichomelee klachi upande wa kushoto. Si lazima iunganishwe na kitu. Nataka tu iwepo niishike.

Nisalimie mzee wa nyumbani kwako, na Asli wa kibanda cha chai (mwambie sambusa za Alhamisi zilikuwa na pilipili ya kutosha), na Fred pamoja na saa yake, na wote wa steji wanaoniulizia na wasioniulizia.

Mimi niliyebaki na klachi,

Abner Anyona

Baada ya sahihi:

Bi Mwenyekiti, inabidi nikueleze barua hii ilivyoandikwa. Malalamiko matatu ya kwanza niliyaandika asubuhi mezani kwangu. Nikateremka Nyakoe kwa miguu nikuletee, nikakuta umekwenda mjini. Mvua ikaanza kutishia. Kemuma alikuwa akipakia mbolea kwenye ile tuktuk ya kuazimwa, akaniambia nipande, na sikutaka kubishana naye mbele ya watu. Kuanzia lalamiko la nne mpaka kwenye sahihi nimeandika nikiwa nimeketi nyuma juu ya gunia, karatasi nimeibana kwa goti, tukipanda Manga. La sita niliandika nikiutazama mgongo wake.

Tafadhali linganisha mwandiko. Ule wa mezani umepinda, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kushikilia karatasi. Huu wa mlimani umenyooka. Machogu, aliyepewa kazi ya jiwe, alilala tangu Nyakoe mpaka juu, na kwenye kona hatukuzimika. Nilishtuka kuona tuko Nyamira tayari.

Tulipofika juu Kemuma akasimamisha tuktuk nishuke. Nikamuuliza kama ni kweli alikwenda kwako. Akasema ni kweli. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Tata, mimi sitaki kiti chako. Nataka ukikalie." Kisha akashuka, akanipa ufunguo, akaenda kuketi nyuma kwenye gunia langu.

Kebo ya klachi haikuwa na kosa lolote. Siku ile ya kabichi vidole vilikataa kubana, na Machogu alikuwa chini nyuma ya gurudumu, ameinama na jiwe lake. Yeye alijua. Fundi alijua. Kumbe na Kemuma alijua, na wewe pia, na mkanyamaza wote wiki tano mkinitafutia tuktuk ambayo mtu wa mkono mmoja anaweza kuendesha. Niliwaita wabaya wangu kwa kurasa mbili.

Kutoka hapo mpaka nyumbani nimeendesha mimi. Mkono wa kushoto niliushikisha usukani tu, haukuwa na la kubana, na haukuniuma. Mbele ya lango mama mkwe alikuwa anakuja. Nilisimama, nikaingia kwenye majani chai, akapita, nikarudi. Tuktuk ilikuwa bado inanguruma inaningoja, haikuzimika.

Ombi langu la mwisho ni hili. Kesho barua hii isomwe mkutanoni yote mpaka kwenye sahihi, kwa sababu nimeihangaikia na steji nzima inajua ninaiandika. Hapa chini pasisomwe. Kisha pigeni kura, na tafadhali sana, nishindwe.