Hatua Elfu Sabini na Mbili

Jumatatu, 9 Februari 2026
Kliniki ya kisukari. Sukari kumi na nne! Nesi Theresia kasema sukari ikizidi inaharibu mishipa ya damu, halafu moyo ndio unaoumia. Kanifunga saa ya kuhesabu hatua. Nisipotembea vya kutosha hadi Ijumaa, daktari atanianzishia sindano. Nimemkumbuka kaka Aminiel. Alianza hivihivi, moyo ukamwangusha shambani. Nimeogopa kweli. Karibu robo saa.

Philemoni fundi cherehani, mgonjwa mwenzangu, katangaza mbele za watu kwamba atanishinda hatua. Mimi, Abdiel!

Jumanne, 10 Februari
Nimepata akili! Nashilu muuza maziwa hushuka na punda kutoka Olmotonyi hadi hapa Sakina kila asubuhi, kisha hupanda kurudi. Nimemwomba amfunge punda saa yangu mguuni. Akaniuliza kama nina homa. Nikamwahidi kilo ya sukari kutoka kabatini kwetu. Mke wangu Anande alitaka sukari ipungue nyumbani. Imepungua.

Nimeshinda dukani nimekaa. Chapati tatu.

Alhamisi, 12 Februari
Balaa! Nashilu hajashuka, ng'ombe wake anazaa. Kliniki kesho, saa iko mlimani! Nimekodi bodaboda, ikazimika hata hatujafika mbali. Nimepanda kwa miguu mpaka Olmotonyi, jua la saa sita, jasho hadi kwenye soksi. Hatua zote hizo, hakuna iliyohesabiwa hata moja! Imeniuma sana. Nimejipoza kwa soda. Mbili.

Saa inasoma elfu sabini na mbili. Philemoni kwisha habari yake.

Ijumaa, 13 Februari
Wagonjwa wamenipigia makofi. Philemoni, elfu ishirini tu, kanywea. Ndipo Nesi Theresia akafungua kumbukumbu ya mapigo ya moyo kwenye saa. Tangu Jumanne hadi jana mchana, hakuna kitu. Akasema, wote wakisikia, kwamba hajawahi kuona mzee anayetembea hivyo moyo wake umesimama. Akachomoa unywele wa kijivu kwenye mkanda, akanitazama kichwani. Nina upara.

Sukari kumi na sita. Kanipa wiki moja ya mwisho. Jioni nimemsikia Anande akilia jikoni. Nimejisikia vibaya mno.

Jumamosi, 14 Februari
Nimeamua kubadilika! Anande asilie tena kwa ajili yangu. Nimekaa, nimetafakari kosa langu kwa unyoofu, nimeliona.

Manyoya. Saa haisikii mapigo juu ya manyoya.

Nimenunua wembe. Nashilu amekubali punda anyolewe mguu mmoja, kwa kilo mbili.