Mke Ameondoka na Chatu Ana Mimba

Kwa Baba Mkwe, Mzee Manase,
Nduruma.

Shikamoo Baba. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, ng'ombe na migomba. Mimi huku Ngaramtoni ni mzima wa mwili tu. Binti yako Tabitha, mke wangu, hapokei simu zangu tangu alipokuja kwenu wiki mbili zilizopita, na kukupigia wewe nikulalamikie nimeona ni utovu wa adabu. Malalamiko ya ndoa yanataka kalamu.

YAH: MKE KUONDOKA WAKATI NYUMBANI KUNA MJAMZITO

Unajua Baba kwamba nafuga chatu jike kwa kibali, na jina lake ni Anyesi. Mwezi wa saba, baridi ilipobana, alijivua gamba akaanza kuzungukazunguka bandani bila utulivu. Nikajua yuko tayari. Niliazima dume kwa rafiki yangu Lemomo wa Momela, wakasokotana siku mbili nzima. Tangu hapo naandika kila kitu daftarini: Anyesi amekataa sungura, amevimba kuanzia katikati kwenda mkiani, haondoki kwenye taa ya joto, na mara nyingine analala chali kabisa. Mwenye macho haambiwi tazama. Sasa linganisha hali hiyo na mwenendo wa Tabitha:

1. Wivu. Wiki ileile Anyesi alipoacha kula, Tabitha naye akaacha. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando, ambayo amekua nayo kwenu, eti inanuka.

2. Kuniaibisha. Nimemfuma anakula udongo! Anaununua sokoni, anaufunga kwenye pindo la kanga, anautafuna kama karanga. Majirani watasema simlishi, wakati ndani kuna mchele.

3. Kuninyanyapaa. Anasema harufu yangu inamtia kichefuchefu. Nimeoga mara tatu kwa siku, na unajua maji ya mlima yanavyouma. Nikitoka bafuni ananiambia, "Anaeli, kaa hukohuko, usinisogelee." Anyesi hajawahi kulalamika hata siku moja.

4. Usingizi. Alisinzia kanisani akiwa mstari wa mbele wa kwaya. Mzee wa kanisa aliniuliza kwa upole kama nyoka anatukesha.

5. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Jumamosi moja alikaa kitandani akasema ana jambo la kuniambia. Nilimwomba asubiri kidogo, kwa kuwa ilikuwa saa ya kumpima Anyesi unene kwa kamba. Niliporudi alikuwa analia na begi limefungwa. Akasema, "Wewe dalili za nyoka unazijua zote." Nikamshukuru, maana hakuwahi kuisifu kazi yangu. Akabamiza mlango.

Baba, nitasema ukweli. Nyumba imepoa. Miaka saba ya ndoa tumengoja mtoto, na wewe unajua maombi yaliyoombwa na maneno ya watu tuliyoyameza. Nilipoona Anyesi ana mimba nilifurahi, nikasema angalau chini ya bati letu atazaa mmoja. Nilidhani Tabitha atafurahi nami. Nimemkumbuka mno, hata ugomvi wake.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Tabitha arudi kabla ya mwisho wa wiki, kwani mayai hayangoji. Pili, akikataa, aje Mama mwenyewe, kwa kuwa amehudumia wazazi wa kata nzima, na aje na mtori wa ndizi kama ilivyo desturi. Mtori nitaunywa mimi kwa niaba ya mzazi. Tatu, yote yakishindikana, nitalifikisha suala hili kwenye baraza la wazee wa kanisa, nikiwa na daftari langu, ili Tabitha aeleze mbele yao ni mwanamke gani anayemkimbia mwenzake katika hali kama ile.

Wasalimie Mama, shemeji Brayson, Esther na watoto wake. Tabitha naye msalimie, ingawa sijui kama ataipokea salamu yangu.

Mkweo mtiifu na mwenye majonzi,
Anaeli

Nyongeza: Baba, kabla sijafunga bahasha Lemomo amefika kuchukua dume lake. Amempapasa Anyesi tumbo lote, akasema hakuna yai hata moja, amenenepa tu na kushiba. Nikabisha, nikampa barua hii asome ushahidi. Lemomo ana watoto sita. Amesoma mpaka mwisho, kisha akasema huyu wa kwanza hana kitu, ila huyu wa pili anayekula udongo ana mimba, na mume wake ni mjinga.

Nimekaa chini, Baba. Naomba uyafute maombi yangu yote matatu. Tabitha asisafiri popote, ile barabara ina mashimo, na asibebe hata ndoo moja ya maji. Kama Mama alijua tangu siku ya kwanza, namwomba anicheke sasa hivi amalize kabla sijafika. Lemomo anatangulia na barua kwa pikipiki yake, mimi nafunga banda namfuata. Samahani kwa mwandiko, naandika huku navaa viatu. Mwambie Tabitha nataka anieleze yeye mwenyewe, kuanzia mwanzo, nami nitakaa kimya nimsikilize.