Kasoro Moja Tu

Mjini kuna mafundi wanaotengeneza magari, na kuna mafundi wanaowatengeneza wenye magari. Daktari alikuwa wa kundi la pili. Jina hilo la utani alilipata kwa namna alivyoinamia injini, akafumba macho, akasikiliza, kisha akatoa habari mbaya kwa sauti ya kuliwaza. Kwa miaka kumi alikuwa ametangaza vifo vya kompresa za viyoyozi ambazo hazikuwa hata na mafua.

Ijumaa hiyo, hata hivyo, mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe. Alimpenda binti mmoja mshonaji, akampenda kwelikweli, na katika kujipendekeza kwa mama yake alijisifu kwamba ana gari. Mama huyo, muuza vitambaa mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu ana kasoro moja tu, anachelewa kuamka," alisema. "Mengine yote salama. Jumamosi utanipeleka kwa wajomba zake na hilo gari lako. Nikifika bila jasho, nitawaambia posa nimeikubali. Nikifika nimelowa, tutasalimiana tu turudi."

Jumamosi yenyewe ilikuwa kesho, na akiba yote ya Daktari ilitosha kununua nusu ya gari.

Ndipo alipomwona mwalimu mstaafu, mama wa miwani, ameketi ndani ya gari nje ya geti lake, milango wazi, akijipepea kwa daftari. Kwenye kioo kulikuwa na karatasi: LINAUZWA.

"Shikamoo, Mwalimu. Gari linakutesa?"

"Marahaba, mwanangu. Linapuliza joto tu. Nikiwasha kiyoyozi ni kama nimefunua sufuria."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Daktari aliinama mpaka kalamu ikamdondoka mfukoni. Hakuhitaji hata dakika moja. Kwenye kisanduku cha fyuzi, tundu la fyuzi ya kompresa lilikuwa tupu. Kitu cha bei ya soda. Fyuzi huungua, ni kweli, lakini haiondoki kwa miguu yake, na mtu asiye na tamaa angejiuliza imekwenda wapi. Daktari hakujiuliza. Alifumba macho, akasikiliza.

"Pole sana, Mwalimu. Kompresa imekata roho, na imeharibu mabomba yote. Kulitengeneza ni sawa na kununua gari jingine."

"Jamani. Sasa nifanyeje?"

"Nitakusitiri mimi. Nalichukua hivihivi, kwa nusu ya bei."

Mwalimu alifuta miwani kwa muda mrefu. "Basi lijaribu kwanza, usije ukanilaumu."

Wakazunguka mtaa. Mwalimu ndiye aliyeelekeza njia, kushoto, kushoto, tena kushoto, mpaka wakarudi pale getini, pua ya gari ikitazama mbele kama mwanzo. Gari liliteleza vizuri.

"Halina tatizo jingine?" Daktari aliuliza, maana akishashinda hupenda kuwa muungwana.

"Fundi ni wewe, mwanangu. Mimi nitajua nini?"

Wakaandikiana, wakapeana mikono. Kwenye kona ya pili Daktari alipachika fyuzi aliyoitoa mfukoni, na ubaridi ukamjia usoni. Alimwonea mwalimu huruma, huruma iliyodumu mpaka taa za barabarani. Akaegesha kando ya barabara mbele ya chumba chake, akalala bwana harusi.

Asubuhi mama wa binti alitoka amependeza. Kabla ya kuingia alilizunguka gari polepole, akagusa mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma.

"Linapoa," alisema alipoketi.

"Nimelitunza, Mama. Mwaka wa nne huu."

"Wa nne. Hongera. Kata hapo kulia, ni njia ya mkato."

Njia ya mkato ilikuwa kichochoro chembamba, ukuta huku na ukuta huku, na mbele kabisa ukuta wa tatu.

"Aa, nimepotea," alisema mama, bila dalili yoyote ya kupotea. "Rudi nyuma."

Daktari akaingiza rivasi. Gia ikakwaruza, gari likabaki palepale. Akaingiza tena. Akazima, akawasha. Jasho likamtoka katikati ya ubaridi ule wote.

"Gia yake huwa inataka ipumzike kidogo."

"Mwanangu, nina binti mmoja tu," mama alisema taratibu. "Nitakayempa, nataka nimsikie akisema kweli japo mara moja, nijue kama anaweza. Gari hili umelipata lini?"

Daktari alitazama ukuta. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote mzuri. Lakini alimkumbuka yule binti akimcheka huku amebana pini midomoni, akaogopa kumkosa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Jana," alisema. Akaeleza yote, mwalimu, kompresa, nusu ya bei.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Na tundu la fyuzi lilikuwa tupu?"

"Tupu, Mama."

"Mwalimu ni mwanafunzi mzuri. Gari hili nilimuuzia mimi mwaka juzi, rivasi ilipokufa. Fyuzi niliitoa kwa mkono wangu huu. Na yeye aliniambia gesi yote ya kiyoyozi imevuja, nimwachie kwa bei ya kutupa. Mtu akiokota kasoro moja kwa siri, hatafuti ya pili."

Mama alijifuta machozi ya kicheko.

"Wajomba nitawaambia nimekubali. Sijatoka jasho, na kweli umeisema. Sasa shuka usukume, usukani nitashika mimi. Jumatatu tutalitafutia mteja. Hiyo fyuzi nitaishika mimi pia, wewe bado unajifunza."

Daktari akajipenyeza nje, akaweka mikono kwenye boneti, akasukuma kwa furaha. Walikuwa wamefika katikati ya kichochoro alipokumbuka kwamba hata kuhusu binti, bila yeye kuuliza, alikuwa ametajiwa kasoro moja tu.

Akasimama. Nyuma ya kioo, kwenye ubaridi, mama mkwe wake alimtazama kwa upole na kumpungia mkono aendelee.

Akaendelea kusukuma.