Upepo wa Kupeleka Ukweni

Mbalibali, Jumatatu, 1 Julai 1957

Mke wangu Verdiana bado yuko kwao Ringwani. Mtoto wetu Boke yuko naye. Asubuhi nimekoroga uji mwenyewe. Chini umeungua, juu mbichi. Nimekunywa hivyo hivyo nikitazama trekta.

Ukweli ni kwamba aliondoka kwa sababu ya trekta. Nilitoa ng'ombe wetu wawili wa maziwa, nikaipata kwa Mzungu aliyekuwa anafunga mgodi wake. Verdiana aliuliza inakamuliwa wapi. Nikadhani ni utani. Kesho yake hakuwepo.

Leo kaka yangu Joram amerudi kutoka Ringwani na ujumbe wa baba mkwe, Mzee Kisyeri. Anasema kama namtaka mke wangu, niende kwake wakati huu wa kupura wimbi, na hilo chuma langu, nimwonyeshe kazi moja tu ambayo ng'ombe hawezi. Nikishindwa, Verdiana anabaki. Shemeji Athanas, yule wa majembe ya kukokotwa na ng'ombe, alicheka mpaka akakaa chini. Sipendi kabisa kicheko cha Athanas.

Kazi moja. Nikalala chali kwenye nyasi nifikiri. Kulima? Ng'ombe hulima. Kubeba? Ng'ombe hubeba. Wingu moja lilikuwa limesimama juu ya kilima, haliendi popote. Upepo hakuna wiki nzima. Wanawake wote wamekaa na nyungo zao mapajani, wimbi limepurwa, makapi hayatoki.

Upepo! Ng'ombe gani anatoa upepo? Joram alitoa jibu ambalo sitaliandika hapa.

Jumatano, 3 Julai

Nimefika Tarime kwa fundi wa mashine, juu ya magunia ya lori. Tulipovuka Mto Mara nilikuwa nimesinzia, nikaota wilaya nzima inapepetwa kwa mashine moja, na mimi nimekaa juu yake nimevaa kofia.

Trekta yangu ina shafti nyuma. Injini ikiwaka, shafti inazunguka, na chochote utakachokifunga hapo kinazunguka nayo. Lakini ni fupi, nyembamba, na meno yake yameliwa. Fundi amenipa kipande kirefu na kinene cha kuivalisha. Halafu akanipa na kiungo cha kuweka katikati, akaanza kunieleza kwa nini. Mwanzo nilimsikia. Kisha akapita nje mwanamke mwenye mwendo wa Verdiana kabisa, mabega yametulia, miguu haina haraka. Mawazo yangu yakaenda naye mpaka Ringwani. Nilipozinduka, fundi alikuwa ananiuliza kama nimeelewa. Nikasema sana.

Ijumaa, 5 Julai

Kiungo cha fundi ni kibovu. Ukikizungusha upande huu kinashika. Ukikirudisha upande ule kinateleza bure, tik tik tik. Nusu ya kazi hakifanyi. Nimekipeleka kwa mhunzi Werema, akapigilia pini ya chuma. Sasa kinashika pande zote mbili. Werema aliuliza kama hakikutengenezwa hivyo makusudi. Nikamwambia, mura, kijana wangu, chuma kivivu ni kivivu tu.

Feni yangu ya kupepetea imekamilika. Katikati nimeweka gurudumu la chuma la mgodini. Ni zito, tulilinyanyua wanaume wanne tukiguna. Mapanga yake ni mabati niliyoyatoa kwenye paa letu, juu ya kitanda. Verdiana akirudi atakuwa analala akitazama nyota. Sidhani kama kuna mwanamke mwingine Mbalibali mwenye kitu hicho.

Jumapili, 7 Julai

Nimeijaribu baada ya kanisa. Kuku wa jirani wamehamia ng'ambo ya korongo. Mimi nilikaa mbele ya upepo wangu mwenyewe mchana mzima, shati limejaa hewa, nikifikiria Verdiana atasema nini.

Jumatano, 10 Julai

Jana. Niandike taratibu.

Nilifika kwa Mzee Kisyeri asubuhi, watu wamejaa. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku akitazama gurudumu. Verdiana alikuwa kwenye kiwanja cha kupuria, ungo mkononi, Boke mgongoni. Hakunisalimia. Lakini alitengeneza kitambaa chake cha kichwa, na hilo nililiona.

Nikageuza trekta, feni ikaelekea kiwanjani. Nikaunga shafti. Upepo ukaja. Wanawake wakainua nyungo, na makapi yakapaa polepole, yakang'aa kwenye jua, yakavuka ua na kwenda zake. Wimbi jekundu likadondoka safi miguuni mwao. Hata Athanas alisogea kutazama. Verdiana alinitazama. Nilisikia utamu ambao siwezi kuueleza, na ningekubali siku iishie pale.

Ila makapi mengine yalikuwa yanamwangukia Mzee Kisyeri kwenye kiti chake. Adabu ikanishika. Nikaona nisogee mbele kidogo tu. Nikaingiza gia ndogo, trekta ikasogea. Nikakanyaga klachi isimame.

Haikusimama. Gurudumu la feni, kwa uzito wake, liliendelea kuzunguka. Na kwa kuwa kiungo sasa kinashika pande zote, likawa linaisukuma trekta lenyewe. Hapo nilitambua kuwa pini ya Werema ni imara sana. Breki zilikufa tangu enzi za Mzungu. Gia ikagoma kutoka. Nikaachia klachi ili nianze upya, feni ikapata nguvu mpya. Nikakanyaga tena, tukaendelea.

Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kila mtu alipata nafasi ya kutembea pembeni yangu na kunishauri. Athanas alisema nizime. Mzee Kisyeri alisema nisali. Boke alinipungia mkono. Swichi ya kuzimia nimeikumbuka leo asubuhi.

Mbele yetu ilikuwa nyumba ya mama mkwe, Mokami. Akatoka mlangoni, ungo kichwani, kuona ni kelele gani. Sasa, kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Ukimkuta njiani, unaacha njia na kugeuza uso. Trekta ilikataa kuacha njia. Uso niliugeuza. Na kwa kuwa mtu ukiheshimu unaheshimu kikamilifu, nikaachia usukani nikajifunika macho kwa mikono yote miwili.

Tukaingia kwenye kihenge chake. Nilikisikia kikilala upande, bila haraka, kisha wimbi la mwaka mzima likamiminika. Injini ikazimika yenyewe.  Njiwa mmoja akalia mahali fulani. Waliniambia baadaye kwamba mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya wimbi mpaka magotini, ungo bado uko kichwani.

Mama mkwe hasemi nami moja kwa moja. Alisema na binti yake, kwa sauti ya kutusikilizisha wote. Alimwambia aondoke na mume wake leo hii, jua bado lipo, kwa sababu mtu huyu akija kumchukua mara ya pili haitabaki nyumba hata moja imesimama. Mzee Kisyeri, makapi kwenye nyusi, alisema na yeye anaona hivyo.

Injini haikuwaka tena. Ng'ombe wa Athanas ndio walioikokota trekta mpaka nyumbani. Nilikaa kwenye kiti nikashika usukani, maana lazima mtu ashike. Vumbi lilikuwa jepesi, jua linashuka nyuma ya vilima, Verdiana anatembea pembeni na Boke amelala. Tulipokaribia Mbalibali alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tairi la nyuma asianguke. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu ng'ombe wetu waondoke. Nilifurahi mpaka nikacheka naye. Habari ya paa sikumwambia njiani.

Ijumaa, 12 Julai

Nimelala chali kitandani nikitazama mawingu. Leo yanatembea. Upepo wa kawaida umerudi, wanawake wanapepeta bure kila ua. Siuonei wivu.

Uji wa asubuhi ulikuwa mzuri sana. Nimeunywa nikifikiri. Mzee Kisyeri alitaka kazi moja ambayo ng'ombe hawezi. Trekta ilikwenda Ringwani, na siku hiyo hiyo mke akarudi nyumbani. Sasa hapo mtu anabisha nini?

Joram amekuja. Mke wake Felista yuko kwao Morotonga tangu Pasaka, hana dalili ya kurudi. Nimemwambia asihangaike. Werema ataongeza mapanga mawili na pini ya pili. Gurudumu nitatafuta zito zaidi. Wiki ijayo tunakwenda. Joram amesema atafikiri, ila nimemwona anatabasamu.

Verdiana alikuwa nje na ungo wake, ametusikia yote. Ameingia ndani, anafunga nguo zake na za Boke kwenye kanga. Nadhani anataka twende wote.