Kisiki Nilichokikandika Udongo

Leo aibu imenivua nguo mchana kweupe.

Nyamizi, Kalekwa, nyie wenzangu niliowaacha Inyonga, isomeni barua hii kwa macho yenu wenyewe. Msimpe mwalimu wa kisomo awasomee. Mkimaliza, iwashieni moto wa kupikia. (Moto! Hata kuliandika neno lenyewe kunaniunguza.)

Mnajua tulivyohamishiwa huku upande wa Kakese, kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Mimi nikapewa kiwanja chenye kisiki cha muyombo katikati ya uwanja, mbele ya mlango. Kisiki kipana, ungeweza kukitandikia mkeka ukalala. Mti waliukata wale waliofungua kijiji, wakauacha umelala palepale. Kila niliyemwuliza alinijibu, "Mama, sisi tumekata mti. Kisiki ni cha mwenye kiwanja."

Mwanangu Leonardi anakaa upande wa pili wa kijiji hikihiki. Nikamwita aje na shoka.

"Nitakuja Jumamosi, Mayo, mama yangu."

Jumamosi zikapita mpaka mahindi yakaota, yakakomaa, yakavunwa. Kisiki kipo. Badala ya shoka likaja neno, tena limetoka kwa mkewe, Skolastika, mkamwana wangu: "Mama amezeeka. Kiwanja kimemshinda. Ahamie kwetu." Nafasi yangu huko kwao ni kile chumba cha kuku. Nimekiona. Kuku wenyewe wanalala nje kwa hiari yao.

Maneno yakafika kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mihayo. Akasema atakuja Alhamisi, yaani leo, aone mwenyewe. Uwanja ukiwa safi, nabaki kwangu. Kisiki kikiwepo, nafunga mzigo naenda kulishwa na Skolastika.

Mimi? Kulishwa? Mimi niliyezaa saba, nikazika mume, nikalima tumbaku peke yangu mpaka mgongo ukapinda kama mpini wa jembe? Nikawaambia wote kisimani, kwa sauti, "Alhamisi njooni mnitafutie hicho kisiki!"

Nikaanza kazi. Nilichimba kukizunguka, nikakata mizizi ya pembeni kwa shoka la marehemu. Mzizi wa kati ukanishinda. Nikafanya kama tulivyofanya siku zote: nikajaza magunzi na mavi makavu ya ng'ombe, nikawasha, nikafunika, moto ukawa unakila kisiki polepole.

Magogo sikuyatupa. Vipande vifupi nimevipanga chini ya kihenge cha mahindi, panya wahangaike. Kimoja nilikichonga kinu, kikapasuka (nyamazeni, mimi si fundi). Lile gogo refu nililisawazisha juu, nikapata benchi la wageni. Benchi zuri! Ukikaa hapo hutaki kuaga.

Jana kisiki kilikuwa kimeliwa chote, limebaki shimo kubwa, lakini chini bado panafuka. Kalekwa, wewe kanuni unaijua: moto wa muyombo hukaa mzizini, unatembea chini kwa chini kama fuko, usifunike mpaka uufukue uone mwisho wake. Unaijua kwa sababu nilikufundisha mimi. Basi mwalimu mwenyewe jana akamwaga madebe matatu ya maji, akasikia "tssss", akaridhika. Udongo wa kulijaza shimo lile ungenimaliza wiki nzima. Nikapanga fito juu ya mdomo wake, nikatandaza majani, nikakandika udongo na mavi ya ng'ombe, nikalainisha kwa kiganja. Uwanja ukang'aa kama sakafu ya misheni. Benchi nikaliburuta pembeni, kwenye kivuli cha nyumba.

Leo wakaja watatu: balozi mbele, Leonardi katikati, Skolastika nyuma amejifunga kanga mpya (ya kuja kunichukulia, si ya kunisalimia). Na majirani nao wakajitokeza milangoni, si nilishawaalika.

"Haya mama, kisiki kiko wapi?" balozi akauliza.

"Kisiki gani?" nikasema. "Hapa kwangu hakuna kisiki."

Skolastika akauzunguka uwanja pembeni pembeni, anakagua kama mnunuzi wa ng'ombe. "Nani amekusaidia, mama?"

"Mikono hii. Wenye mume na shoka bado wanangoja Jumamosi."

Majirani wakacheka. Leonardi akaangalia viatu vyake. Balozi naye akacheka, akaenda kukaa kwenye benchi, akalipapasa. "Gogo limetendewa haki hili. Mimi sioni sababu ya kumhamisha mama huyu."

Mmesikia? Alishasema! Kama ningesema asante na kumsindikiza hapohapo, ningebaki kwangu na maisha yangu.

Moshi ukatokea katikati ya miguu ya balozi.

Mwembamba kwanza. Nikaukazia macho, nikauombea ufe. Haukufa.

"Mama, unavuta kiko?" balozi akauliza, ananusa.

"Navuta," nikasema. (Kiko changu kilikuwa ndani, kimening'inia ukutani.)

"Mbona moshi wake unatokea huku kwangu?"

"Upepo huo."

Hapakuwa na upepo. Hata jani halikutikisika. Skolastika ndiye akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayouma: "Mama, mbona balozi anafuka?"

Mzee Mihayo akaruka! Akajishika nyuma kwa mikono miwili. Suruali yake ya kaki, ile ya mikutano, imetoboka tundu la kupitisha ngumi. Chini ya benchi langu zuri gogo limekuwa kaa jekundu. Moto ulikuwa umetambaa usiku kucha ndani ya mzizi wa pembeni nilioukata na kuuacha ardhini, ukafika mpaka kivulini, ukamsubiri mgeni wangu.

"Kumbe kipo!" Skolastika akasema. "Amekifunika!"

Hapo kiburi kikanipanda kichwani. "Kipo wapi? Nionyesheni!" Nikaruka katikati ya uwanja, nikapiga mguu chini, puu! "Kiko hapa?" Puu! "Au hapa?"

Puu ya tatu sikuisikia. Nilikuwa shimoni.

Hadi kiunoni, nyie! Majivu yakapanda kama vumbi la lori, sikuona mtu, nilisikia vicheko tu. Halafu nyayo zangu zikaanza kupokea habari kutoka chini. Nikapiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga hata wakati wa kuzaa.

Leonardi akaja mbio. Akanishika kwapani, akanivuta mara moja. Mimi nikatoka. Kanga yangu ikabaki, imenasa kwenye fito. Nikaning'inia mbele ya kijiji kizima na shimizi langu, lile nililolishona kwa mfuko wa unga, na maandishi ya kiwandani bado yapo nyuma, hayakutoka kwa sabuni wala kwa majivu.

"Kilo arobaini na tano," balozi akasoma kwa sauti. (Naye yuko kisomo. Siku hizi anasoma kila anachokiona.)

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Skolastika akaziba mdomo kwa kanga yake mpya, mabega yanatetemeka.

Leonardi peke yake hakucheka. Alikuwa bado amenibeba, hajaniweka chini. Akaninong'oneza, "Mayo, umekuwa mwepesi hivi tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ya kwanza," nikamjibu.

Hilo sikulinong'oneza. Kicheko kikakatika kama kamba. Akaniweka kizingitini taratibu, akavua shati akanifunika, akaenda kusimama kando na kunipa mgongo. Wala sikumwita.

Balozi, mkono mmoja bado nyuma, akatoa neno la mwisho. "Leonardi, chukua mama yako kabla hajatuunguzia kijiji." Basi. Kiwanja kimekwisha kuwa cha mtu mwingine, tena safi, kisiki nimemtolea mimi.

Sasa nawaandikia miguu imo kwenye beseni la maji, malengelenge yamenivimba kama maharage yaliyolowekwa. Mzigo nimefunga: kiko, sufuria mbili, shoka la marehemu. Nimeuliza nahamishwa lini. Nimejibiwa Jumamosi, na safari hii, nyie wenzangu, atakuja. Kuleta shoka alikosa Jumamosi mwaka mzima. Ya kunibeba kwenda kulala na kuku ameipata mara moja.

Na wewe Kalekwa, najua ghala lako lilipoungua kwa moto wa mzizi nilikucheka siku tatu. Nicheke mbili. Ile ya tatu niachie mimi nijicheke mwenyewe, Skolastika hawezi kuvimaliza vicheko vyote peke yake.