Bakteria Waliomsomesha Nyamizi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nyamizi kafika kutoka Mwanza na majibu ya tumbo langu. Mwanangu huyu! Mtaa wetu mzima wa Kambarage hakuna mtoto mwingine mwenye kazi ya kuchungulia bakteria kwa darubini. Boaz, mtoto wa jirani yangu Mama Boaz, anaendesha gari kubwa la mgodi wa dhahabu kule Geita. Sawa. Lakini gari hata mimi ningefundishwa ningeendesha.

Majibu: ninao. Bakteria wa tumboni. Jina lao refu kama treni ya mizigo, sikulishika. Ule moto chini ya kifua, ninaouzima kwa maziwa mwaka mzima, kumbe ni wao. Wiki iliyopita, kule hospitali ya Mwanza, walinipitisha mpira wenye kamera kooni, wakanyofoa kipande kidogo cha tumbo. Nilivumilia kishujaa. Nesi nilimng'ata, ila kidogo.

Nyamizi akatukalisha mimi na baba yake, akaeleza. Kila seli ya mwili ina jeni, yaani maelekezo tuliyorithi. Nyingine zinafanya kazi, nyingine zimelala. Hawa bakteria wakishajishika kwenye seli za tumbo, jeni zilizolala zinaamka, zilizo macho zinalazwa. Wengine wana kitu kama sindano kabisa, wanaichoma seli na kuimiminia vitu vyao. Baba Nyamizi akabaki kakodoa macho. Nyamizi akamwambia, baba, ni kama mvamizi kaingia kwenye duara la mwenzake, shimo lake la kuchimbia dhahabu. Mwamba ni ule ule, ila sasa yeye ndiye anayepanga zamu: huyu achimbe, yule alale. Mzee akaelewa palepale. Alishawahi kuvamiwa Runzewe, enzi zake za uchimbaji. Akakasirika kana kwamba ni leo.

Wakikaa miaka mingi, seli zinaweza kupotea njia ikawa saratani. Hapo Nyamizi hakucheka. Mama yangu mzazi, ambaye Nyamizi ni somo wake, alikufa ameshika hapo hapo chini ya kifua. Sisi tulisema karogwa.

Dawa ni ya wiki mbili, asubuhi na jioni.

Nikauliza wanaingiaje. Akasema mara nyingi utotoni, kutoka kwa watu wa nyumbani, mdomo kwa mdomo. Nani alimtafunia Nyamizi michembe kabla hajaota meno? Viazi vile vikavu, vigumu kama kigae, natafuna mpaka vinalainika, namtia mdomoni. Mimi! Nikamuuliza kama naye aliwahi kuwa nao. Akasema ndiyo, alitibiwa chuoni.

Basi! Jeni zake za akili ziliamshwa na nani?

Nyamizi akacheka, akasema hawafanyi hivyo, mama, wanachokoza tumbo, kichwa hawakijui. Wasomi wakubwa ni wanyenyekevu.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka tu misani, Mama Boaz akaanza. Tairi la gari la Boaz limezidi nyumba kwa urefu. Boaz kapewa buti mpya. Boaz kapiga picha na meneja. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, taratibu, kwamba akili za Nyamizi ziliamshwa na bakteria wangu mwenyewe, na hospitali ya Mwanza imethibitisha kuwa ninao mpaka leo.

Boaz akasahaulika! Mara ya kwanza tangu nimfahamu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, eti na Blessing anaweza kuonjeshwa? Blessing ni mjukuu wake wa darasa la saba. Mtihani Septemba, na hesabu zimemshinda. Nikasema nitafikiria. Akanibebea mkoba mpaka nyumbani. Mama Boaz! Mkoba wangu!

Uamuzi: dawa simezi. Mtu anawauaje walimu wa mwanawe? Tena nikiwaua huku tumboni, nani ajuaye kama jeni za Nyamizi hazitasinzia kule Mwanza?

Jumatatu, 9 Juni

Nyamizi yuko likizo. Anasimama mbele yangu na glasi ya maji mpaka nimeze. Nilidhani nimezaa msomi, kumbe nimezaa askari. Mbinu yangu: vidonge chini ya ulimi. Kimoja kina ladha ya sarafu ya zamani. Natabasamu, natoka kama naenda kumwaga maji, natema nyuma ya banda la kuku. Haoni mtu. Jogoo tu.

Jioni. Jogoo yule alikuwa na mafua wiki nzima, macho yamefumba, tunasubiri tu kumchinja. Leo kawika! Nyamizi kashangaa sana. Nikamwambia ni maombi.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya Blessing. Mama Boaz alimleta kavaa nguo ya kanisani. Nikachagua michembe mizuri, nikatafuna kwa heshima, polepole, ili walimu wapande wote. Nikamnyooshea. Mtoto akatazama mkono wangu, akanitazama mimi. "Bibi, mimi nina meno."

Bibi yake akamwambia afumbue mdomo, mwenzake kalishwa hivyo hivyo na leo ana digrii. Blessing akakimbia. Tukamzungusha nyumba, bibi yake mbele, mimi nyuma na michembe kiganjani. Kwenye kona akamvaa Nyamizi aliyekuwa anatoka sokoni. Akamwambia yote. Watoto wa siku hizi hawana siri.

Nyamizi akaninyang'anya michembe akaitupa. Akasema mtoto hapewi ugonjwa kama zawadi. Nikatulia. Mama Boaz hakutulia. Akaona ni choyo! Akapaza sauti mpaka barabarani: "Wenu kashashiba, wetu abaki na ujinga? Mnajifungia bakteria kama mmewanunua!" Majirani wakatoka. Mmoja akauliza wanagawiwa wapi. Nyamizi, mwenye digrii mbili, akakaa juu ya ndoo akashika kichwa.

Jumatano, 11 Juni

Moto. Si moto wa maziwa huu. Nilikuwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba naanika michembe, ukanikunja kama mkeka. Nikashindwa kunyanyuka. Nyamizi akaja mbio, akanikokota hadi kivulini, akaanza kuuliza: dawa unameza, mama? Nikasema zote. Ni wakati huo huo jogoo akapita na kidonge cha rangi mbili mdomoni. Hakuwa na haraka. Alipita kama mtu anayetoka dukani kwake.

Nyamizi akamfuata mpaka nyuma ya banda.

Nilijiandaa kwa kelele. Akarudi, akakaa chini karibu nami, akalia. Akasema bibi yake alikuwa anajikunja hivi hivi, yeye mdogo kashika bakuli la uji pembeni, na watu wazima wanazungumza habari za wachawi. "Siwasomi hawa wadudu nipate cheo, mama. Sitaki nikuzike kama bibi."

Mayu wane, mama yangu! Digrii ile nimejisifia nayo mpaka kwa muuza mkaa. Kwa nini aliichukua, sikuwahi kuuliza.

Nikamweleza hofu yangu, kwamba wakifa hawa akili zake zitalala. Akafuta kamasi, akanitazama sana. Akasema wa kwake waliuawa akiwa mwaka wa pili, na digrii zote mbili zilikuja baada ya hapo. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Kweli! Sasa akili zilitoka wapi? Akavuta pumzi ndefu, akasema labda ni zako, mama.

Nikameza vidonge vya zamu ile vyote palepale, bila maji. Angesema hivyo tangu Jumamosi!

Jumatano, 25 Juni

Nimemaliza dawa. Kila nilipomeza, Baba Nyamizi alisimama mlangoni akisema, "Watoke, watoke, hilo duara letu." Moto umezimika. Leo nimekula pilipili kusudi, mbele ya Mama Boaz. Hajanisalimia tangu siku ile ya Blessing. Nimekula ya pili.

Ijumaa, 25 Julai

Mwanza asubuhi. Nimepuliza mfuko, wakaipima pumzi yangu. Safi! Hakuna hata mmoja! Nyamizi kanikumbatia mbele ya wenzake wenye makoti meupe, machozi yakimlenga. Nami nikalia. Kisha nikauliza marehemu wangu wamezikwa wapi.

Akasema hawakufa wote. Wale wa kile kipande walichonyofoa waliwaotesha, kwa ruhusa yangu mwenyewe, na sasa wako kwenye friji la baridi kali. Watawekwa juu ya seli za tumbo zinazokuzwa humo maabara, waone jeni zipi zinaamka na zipi zinalala. Wangu! Wanafanya kazi ya utafiti! Nikaomba kupiga nao picha. Wakakataa. Nikauliza kama jina langu liko mlangoni. Hapana, namba tu. Nimesamehe.

Nimerudi Kambarage nikikimbilia kwa Mama Boaz. Nikamkuta mlangoni ananisubiri, kakunja mikono, anacheka. Boaz kampeleka naye Mwanza kupimwa, na mwanamke huyu wala hakuniaga! Anao. Naye wamemnyofoa, naye wamemtilia wake friji. Tena wa kwake, anasema, ni wale wenye sindano.

Nikampigia Nyamizi. Ya mtu mwingine akakataa kunigusia, lakini yangu akasema: wangu hawakuwa na sindano, na hiyo ni bahati kubwa, mama, wenye sindano ndio wabaya zaidi. Bahati! Mama Boaz kashapita mtaa mzima akitangaza kuwa wa Mama Nyamizi ni butu!

Anaanza dawa Jumatatu. Hakuna muda wa kupoteza. Kesho nimemwalika chakula cha mchana, tupatane kama majirani. Kuku wa nazi, wali, sahani moja, kijiko kimoja. Wale wenye sindano wakishanishika vizuri nakwenda Mwanza, wanyofoe, watie friji, halafu nameza dawa. Kumeza nishajua.

Nyamizi simwambii. Zawadi ya mzazi haitangazwi.